Benki Iliyokuja Kunipa Pole

Benki ya Kilmoyra, ya nchi ya Ireland, imefanya vizuri sana mwaka huu. Nalijua hilo kwa sababu walikuja wenyewe kuniambia, nyumbani kwangu, nikiwa kwenye eda.

Kwa mliokosa wiki zilizopita: mume wangu Pandu alikuwa kinyozi pale Joubert Park, hapa Johannesburg. Alianguka kazini, mashine ya kunyolea bado inalia mkononi, mteja akabaki na kichwa nusu. Tukamzika. Mimi Mayasa, mwana wa Tanga, nikakaa ndani ya fleti yetu ya Troyeville na binti yetu Najma, pamoja na Bi Ummi, mwanamke wa Unguja aliyejitolea kukaa nami mpaka eda iishe. Niliishia pale nilipofungua pazia asubuhi ya kwanza baada ya mazishi, nikamkuta marehemu ananitazama.

Hakuwa mzuka. Mzuka ungeondoka jua likichomoza. Lilikuwa bango.

Ng'ambo ya barabara kuna gereji ya kunyoosha bodi za magari, na ukuta wake wa ubavuni hukodishwa kwa matangazo. Pandu alipokuwa hai alipigwa picha dukani kwake, na mpiga picha aliletwa na Karimu. Huyu Karimu ni mtu wa Dar es Salaam. Zamani aliuza mikanda karibu na stesheni. Siku hizi ana suti na cheo: balozi wa jamii wa Benki ya Kilmoyra. Jamii yenyewe haikumtuma kokote.

Basi Pandu akabandikwa pale, amevaa shati lake la drafti za buluu, mkasi mkononi, anacheka. Chini ya kidevu chake waliandika kwamba tunakua pamoja. Alipokuwa hai lilimfurahisha. Alikuwa akisimama chini ya bango na kuwauliza wapita njia kama wamewahi kumwona mahali.

Kisha akafa, na benki haikupata habari, au ilipata na haikuona sababu ya kujisumbua. Taa za bango ziliendelea kuwaka, zina betri zake zenyewe. Hata umeme ukikatika mtaa mzima, sisi tukipapasa kutafuta kiberiti, Pandu anang'aa peke yake ng'ambo, anacheka.

Mimi ningeweza kufunga pazia nikavumilia. Aliyenishinda ni Najma.

Kila jioni alivuta kiti dirishani akamsimulia baba yake habari za shule, kwa Kiingereza na Kizulu, maana Kiswahili chetu anakisikia lakini kukijibu ni kazi. Nilimwambia baba amekufa. Bi Ummi akamwambia. Mwalimu wa madrasa akamwambia. Akatusikiliza wote kwa adabu.

"Hajafa, mama," akasema. "Amehamia pale."

Bi Ummi akataka kumfundisha dua ya kumwombea marehemu. Mtoto akakataa katakata. Dua hiyo ni ya watu waliokufa, alisema, na yeye hataki kumwombea baba yake kitu kibaya. Akafunga mdomo, na hakuna aliyeweza kuufungua.

Nikaamua bango lile lishuke. Sikutaka kingine kutoka kwa benki yoyote duniani.

Nikampigia Karimu. Akanipa pole ndefu, akasema wakubwa wake wamesikitika mno na watakuja wenyewe. Nikamwamini. Mtu aliyefiwa huamini haraka.

Wakaja mchana wa Jumamosi. Nilikaa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, na Bi Ummi akakaa sebuleni kuwapokea. Kitambaa kilikuwa chepesi. Niliwaona bila kuonekana. Karimu na suti yake. Na Mwailandi mmoja mrefu, uso mwekundu kwa jua letu, jina lake Bwana Cormac, mkuu wa masoko mapya.

Bwana Cormac alikanyaga mkeka na viatu.

"Mwambie avue," Bi Ummi akamwambia Karimu. "Hata kama benki ni yake."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu. Nitakuwa mwongo nikisema haikunifurahisha.

Walileta kapu lililofungwa kwa nailoni: kalenda ya benki, vikombe vya benki, na mwavuli mkubwa wenye jina la benki. Bi Ummi akauinua ule mwavuli akautazama juu na chini.

"Mwavuli," alisema. "Wametuona tunalowa."

Karimu hakulitafsiri hilo. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na miaka ya Johannesburg imeniongezea, Kiingereza nakisikia. Lakini Karimu hakujua, nami sikumwambia. Nilitaka kusikia anavyopunguza na anavyoongeza.

Bwana Cormac alianza vizuri, lazima niseme haki. Alisema kwao mtu akifa humlaza sebuleni, majirani wakaja kukaa naye usiku kucha, wakala, wakasimulia mambo yake, hata ya kuchekesha. Mama yake alikeshewa hivyo. Yeye ndiye aliyemshika mkono mpaka asubuhi, na mkono ulikuwa baridi, na hakujali.

Nilisogea karibu na pazia. Huyu, nilijiambia, ni mtu.

"Na kwetu pia," akaendelea, "kila nyumba ilikuwa na mtoto ughaibuni anayetuma pesa. Sisi ni watu wa kuhama. Ndiyo maana benki yetu inawaelewa watu kama nyinyi."

Akafungua kompyuta yake juu ya meza yangu, penye Kurani na sahani ya tende.

Nikarudi nyuma.

Nikaambiwa, basi, kupitia kwa Karimu, habari za Benki ya Kilmoyra. Faida imepanda. Mikopo mibovu imeshuka. Nchi yao ni ndogo, benki imeshaijaza, haina tena pa kujinyoosha, kwa hiyo mkakati ni kutoka nje: walianza Uingereza, wakatia mguu hapa, na kutoka hapa wanatazama Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura. Watu waliohama makwao, alisema Bwana Cormac, ni soko ambalo halijaguswa.

"Johannesburg hii?" Bi Ummi akauliza. "Amkute ambaye hajaguswa, aje anionyeshe."

Hawakusema, lakini Pandu aliwahi kunisimulia kama alivyosikia kwa mpiga picha, kwamba benki hiyo ilizama miaka ya nyuma kwa ulafi wake yenyewe, na wananchi wa kule wakaiopoa kwa kodi zao. Sasa nguo zimekauka, imesahau nani aliyeivuta. Imekuja huku kutufundisha kuweka akiba.

Kisha Karimu akasema kuna jambo la kuniliwaza. Akageuza kioo cha kompyuta kuelekea pazia.

Ulikuwa mkutano wao mkuu wa mwaka, kule Dublin. Mkuu wa benki amesimama jukwaani. Nyuma yake, mkubwa kama nyumba, Pandu na mkasi wake. Mkuu akanyoosha mkono kuelekea uso wa mume wangu akasema huu ndio ukuaji wetu. Wenye hisa, wazee na wanawake wenye mikufu ya lulu, wakapiga makofi.

Tarehe ilikuwa pembeni ya picha. Ilikuwa wiki tuliyomzika.

"Karimu," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza waliisikia sauti yangu. "Muulize, walipokuwa wanapiga makofi, alijua kwamba mwenye uso ule yuko kaburini?"

Karimu akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kiingereza kwamba mjane anaishukuru benki kwa heshima kubwa iliyompa mumewe.

Basi nikauliza mwenyewe, kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake.

Bi Ummi hakuelewa neno, lakini alizitazama nyuso zao akachukua tende moja, akaitafuna kwa raha.

Bwana Cormac alisema hakujua. Alisema anasikitika sana. Halafu, kama mtu anayekukabidhi zawadi, akaniambia niwe na fahari, kwa sababu katika masoko yao yote mapya hakuna picha inayokumbukwa na watu kama ile. Picha inafanya kazi nzuri mno.

"Mwenye picha hafanyi kazi tena," nilisema. "Mtoto wake anazungumza naye dirishani kila siku. Nataka mliteremshe bango."

Wakatazamana. Ikaonekana haiwezekani kuamua pale. Ni lazima msimamizi wa familia aende ofisini kwao Sandton akatie sahihi. Mimi siwezi kutoka? Wanaheshimu sana mila. Basi mwanamume wa familia.

Wakati wa kuvaa viatu, Karimu aliinama karibu na pazia akaninong'oneza kama mtu anayenitakia heri. "Shemeji, usiwe na haraka. Mwaka ujao mkakati wao ni familia. Utafiti unasema mwanamume peke yake haaminiki sana. Kunaweza kuwa na nafasi yako hapo."

"Nafasi yangu iko hapa nilipokaa," nikamwambia. "Chukua na mwavuli wako."

Hakuuchukua. Upo mpaka leo. Bi Ummi huutumia kufukuzia paka.

Mwanamume wa familia alikuwa Ishaka, mdogo wake Pandu.

Niseme kidogo kuhusu Ishaka, kwa sababu wasomaji wengine wameniandikia wakimsifu tangu nilipoeleza alivyolia makaburini. Alilia kweli. Yeye na Pandu walifanana hata wateja wakawachanganya: paji lile lile, pengo lile lile kati ya meno ya mbele. Tofauti ni kwamba Pandu alikuwa na kazi, na Ishaka alikuwa na mipango. Pandu alipokufa, Ishaka akashika funguo za duka. Sikuona ubaya. Nani mwingine?

Tulipogawa nguo za marehemu, watu walichukua walichopewa. Ishaka aliomba. Alitaka lile shati la drafti za buluu, la kwenye bango. Alisema ananusa harufu ya kaka yake. Sote tukalengwalengwa na machozi, mimi wa kwanza.

Shati lilikuwa limekatika kifungo. Mimi hushona, nina kopo la vifungo juu ya kabati la sebuleni. Nikamwambia Bi Ummi ampe kopo achague kinachofanana nimshonee. Ishaka akakaa mkekani, ametupa mgongo, akatafuta. Akatafuta sana.

"Shemeji yako anachagua kifungo kama anachagua mke," Bi Ummi alisema, alipokuja baadaye kunipa shati na kifungo. Tukacheka. Kilikuwa cheusi, hata hakikufanana.

Basi nikamtuma huyo Sandton. Nikamwambia neno moja: lishuke.

Alirudi jioni akiwa mpole kupita kawaida yake. Viatu vilikuwa vipya. Kutoka upande wa pili wa pazia akanieleza kwamba ofisi yao ina kioo kutoka sakafuni mpaka darini, na kutoka huko juu mtaa wote wa mabanda wa Alexandra unauona kama mabati ya banda la kuku. Alisema wamempa kahawa. Alisema wanafanya mambo kistaarabu. Kuhusu bango alisema wamekubali.

"Wamekubali kuliteremsha?"

"Litashuka, shemeji. Nipe muda kidogo tu."

"Umetia sahihi?"

"Nimetia. We tulia. Mambo sharp."

Nilimwombea dua siku ile. Nayakumbuka maneno niliyotumia, na laiti ningeweza ningeyarudisha.

Jumamosi iliyofuata akaja kumchukua Najma. Mtoto hatoki, alisema, atapata unyonge. Ampeleke mjini akale aiskrimu. Nikamshukuru tena.

Najma alirudi amesukwa nywele, shanga nyeupe nchani, usoni amepakwa poda. Nikamuuliza nani kamsuka. Akafumba mdomo, macho yanacheka. Bi Ummi akambana kidogo. Alichosema ni kwamba walikwenda nyumba yenye taa kubwa kubwa, na baba mdogo amemwambia ni siri, ni zawadi ya mama.

"Zawadi gani ya mjane?" Bi Ummi akauliza.

Nikamwambia amwache mtoto. Baada ya kifo ni mara ya kwanza kumwona anaficha kitu kwa furaha.

Jioni ile hakuketi dirishani muda mrefu. Alimpungia mkono baba yake akamwambia, kwa Kizulu, avumilie kidogo, anakuja kumfuata.

Nilifikiri ni mchezo wa mtoto.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, shule zimefungwa. Nilikuwa nashona. Nikasikia chuma kinagonga ukuta ng'ambo, nikafungua pazia kidogo. Gari la mizigo limesimama mbele ya gereji, ngazi imeegemezwa, na juu yake mwanamume mwenye ovaroli ameshika chuma cha kukwangulia. Aliingiza ncha pembeni mwa picha akavuta kwenda chini. Ukanda mzima ukabanduka kwa sauti kama kitambaa kinachochanwa. Jicho moja la Pandu, shavu na nusu ya kicheko vikaanguka kwenye lami.

Nikashusha pumzi. Ishaka ametimiza, nilisema moyoni. Mungu amlipe.

Ndipo nikasikia Najma.

Alikuwa nyuma yangu, ameona. Hakulia. Alitoa sauti ambayo hata siku ya mazishi hakuitoa, kisha nikasikia mlango, kisha miguu mitupu kwenye ngazi za jengo.

Nilifika mlangoni nikasimama.

Nawaeleza ilivyokuwa. Mguu wangu ulikuwa haujavuka kizingiti kile tangu siku ya mazishi. Najua sheria ina nafasi ya dharura, nilifundishwa. Lakini nilikuwa nimeikaa eda yangu vizuri. Nilitaka nimalize vizuri. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa bado namfanyia Pandu, na nilikuwa nakifanya bila kasoro. Na chini kule, kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, teksi hazimsubiri mtu, sembuse mtoto.

Nikamgeukia Bi Ummi, yule yule aliyewahi kunikataza hata kusimama kwenye varanda kuanika nguo. Alikuwa ameshavua baibui lake. Akanirushia usoni.

"Unangoja nini? Nenda. Sheikh nitamjibu mimi."

Nikatoka.

Jua lilinichoma macho. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka breki za teksi moja, na dereva anatukana kwa Kizulu, halafu anaona mavazi yangu na kunyamaza katikati ya tusi. Najma alikuwa ameshavuka. Alikuwa ameikumbatia miguu ya ngazi, anaitikisa, anamwambia yule fundi aache uso wa watu.

Nikamkumbatia. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wa ndege.

Fundi akashuka taratibu. Alikuwa Mkongomani, jina lake Pitchou, limeshonwa kifuani. Aliponisikia nambembeleza mtoto, akaniamkia kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama, nisamehe. Miye nabandikaka tu. Wanasema toa, natoa."

Nikamwambia hana kosa. Mimi ndiye niliyeomba litolewe. Huyu ni mtoto wa marehemu, hajaelewa. Nikamwambia amalize, na ukuta ukibaki mtupu nitamshukuru maisha yangu yote.

Pitchou akajikuna shingo.

"Mtupu, mama? Hapana, haibakie mtupu. Iko mupya ya kubandika. Ile ile benki."

Sikushtuka sana hapo. Benki ni benki. Nilijua wataweka kicheko cha mtu mwingine. Kinyozi mwingine, mama muuza mboga mwingine. Mradi si Pandu. Nilikuwa nimemshika Najma mkono tuondoke.

Lakini alikuwa ameshatandaza karatasi chini, kando ya gari, apake gundi. Bango lenyewe huja vipande, kila kipande kama mkeka mrefu. Cha kwanza kilikuwa wazi juu ya lami.

Lilikuwa shati la drafti za buluu. Vifungo vyote vyeupe, kimoja cheusi.

Kifungo kile nilikishona mimi.

Macho yangu yakapanda mpaka kwenye paji, mpaka kwenye pengo la meno. Duka la Pandu nyuma. Mkasi wa Pandu mkononi. Kama ningekuwa mtu baki, nikipita na mizigo yangu kuwahi basi, ningesema ni mtu yule yule aliyepigwa picha siku nyingine. Na hilo ndilo walilolitaka. Maiti haifai kwa biashara, lakini uso ulikuwa unafanya kazi nzuri. Basi wakatafuta pa kuupata ungali na joto. Na Ishaka, niliyemtuma akauondoe, akawapelekea wa kwake.

Niliwaza Bwana Cormac na mkono baridi wa mama yake. Niliwaza kama wenzake wangemwomba auinue ule mkono, awapungie nao wenye hisa.

"Unaona, mama?" Najma alikuwa ametulia. Alikuwa anatabasamu. "Nilikwambia. Amekuja."

"Huyo ni baba mdogo, Najma."

"Ndiyo," akasema, kama mtu anayemwelewesha mtu mzito wa kuelewa. "Lakini akiwa pale, ni baba. Amesema nikicheka vizuri atakuwa baba kabisa."

Pitchou alikuwa hasikii habari zetu. Alikuwa akikunjua kipande cha pili, anakisukuma kwa mguu ili kilale sawa. Zikatokea shanga nyeupe. Ikatokea poda. Akatokea binti yangu, mkubwa kuliko gari, amekaa pajani pa Ishaka, kichwa amekilaza kwenye shati la baba yake. Chini yao herufi zile zile, zimeongezewa neno: familia yetu, tunakua pamoja.

Nilishikilia mlango wa gari.

"Nani aliwapa ruhusa ya mtoto?" nikauliza, ingawa nilijua ninamwuliza asiyehusika.

"Mama, ile sijuwe. Iko na baba, iko na mtoto." Akaonyesha ndani ya gari. "Na iko kipande ingine. Ile ya mwanamke."

Nikamwambia haiwezekani. Hakuna aliyenipiga picha. Sijaonekana na mwanamume yeyote tangu nianze eda, mpaka leo hii. Hata Karimu ameisikia sauti yangu tu.

Pitchou akainua mabega. Akalitoa lile bunda la tatu, akaliweka ubavuni mwa mengine, akaanza kulifungua kutokea upande wa kushoto, pale linapoungana na picha ya Najma.

Ukatokea kwanza mkono. Mkono wa mwanamke, umetua begani kwa mtoto wangu. Una hina mbichi, nyeusi, ya jana au juzi. Na kwenye kidole kuna pete nyembamba ya fedha yenye kito cheusi, kito kimemeguka pembeni.

Ile pete Pandu aliinunua kwa sonara wa Ngamiani, Tanga, kabla hatujaja nchi hii. Nilikimegua kito kwenye cherehani mwaka ule Najma alipozaliwa. Siku nilipoanza eda, Bi Ummi aliniambia nivue mapambo yote, nami nikaivua, nikaitia mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria.

Kwenye kopo la vifungo.

Pitchou alisimama na bunda mkononi. Alikuwa ameanza kunitazama usoni. Akaniuliza kwa upole kama aendelee kukunjua au alirudishe garini.

Kabla sijamjibu, Najma aliuachia mkono wangu. Akachuchumaa juu ya lami, akaigusa ile hina kwa kidole, kama mtu anayemsalimia anayemjua.

"Huyu ndiye alinisuka," akasema. "Ameniambia nizoee kumwita mama."

Nikamwambia Pitchou akunjue.